Mtaa wa Doña Epifania, Namba Moja

Barua ya benki ilinifikia ndani ya kopo la biskuti, chini ya biskuti, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kama dagaa. Ndivyo barua zinavyofika kwetu San Gaspar, kijiji kilicho mbali na Manila. Posta ipo, iko mjini, na ina bendera. Ila mwenye akili humpa barua yake mtu anayesafiri. Hii aliileta Clarita, mchuuzi wetu, ambaye kila baada ya wiki mbili hupeleka soseji na vitunguu saumu Hong Kong kwa wanawake wetu wanaofanya kazi za ndani, akarudi na viatu. Alinipigia hodi akiwa ameshakula biskuti tatu.

"Manang Doming," akasema, maana huku dada mkubwa hata asiye wa damu ni Manang, "shika mzigo wako. Rhodalyn kanipa. Na ujue kuna mtu kakuandikia kwa hasira. Bahasha ina dirisha."

Hakukosea. Bahasha yenye dirisha haijapata kumletea maskini habari njema tangu karatasi izuliwe.

Nikasoma. Mteja mpendwa, kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba huenda wewe si mkazi wa hapa. Ndani ya siku sitini tuletee nakala ya pasipoti iliyothibitishwa na wakili, pamoja na hati ya makazi yenye jina lako, jina la mtaa na namba ya nyumba. Usipofanya hivyo akaunti itafungwa, na kilichomo kitatumwa kwa hundi kwenye anwani iliyomo katika kumbukumbu zetu. Na anwani hiyo ilikuwa pale pale, ndani ya kile kidirisha: ghorofa ya kumi na nne, mlango B.

Nikatafuta kiti. Ghorofa ya kumi na nne, mlango B, ni kwa Madam Lau, mwajiri wangu wa zamani, ambako siku hizi anafanya kazi Rhodalyn.

Wasioijua habari hii ni wachache, maana mimi sichoki kuisimulia. Nilimfanyia Madam Lau kazi miaka minne na wiki kadhaa. Sheria ya kwao inampa mtumishi wa ndani siku moja ya kupumzika kila wiki. Madam Lau alininyima Jumapili mia mbili na kumi na moja. Kila moja niliitia msalaba kwenye kalenda ya kanisa. Sheria yenyewe niliisoma kwenye kijitabu cha bure, chooni, kwa sababu ndicho chumba pekee nilichokuwa nacho chenye komeo. Halafu nikampeleka mahakama ya kazi, bila wakili, na blauzi ya kuazima. Mwaka 1998 nikamshinda. Alizilipa Jumapili zote, na malipo yakaingia kwenye akaunti ile ile aliyonifungulia yeye mwenyewe kwa ajili ya mshahara, yenye anwani ya nyumba yake.

Sikuyatoa. Watu waliniita mwendawazimu. Nilirudi nyumbani, nikafuga mbuzi, nikalima vitunguu, na Jumapili zangu nikaziacha zimekaa kule kule, ndani ya benki yao, nchini kwao, kama kigingi kilichochomekwa uani kwa mtu. Kila nikiumwa mgongo nazikumbuka, na mgongo unanyooka.

Sasa hundi iende kwa Madam Lau! Kuila asingeweza, jina si lake. Lakini angeweza kuichana. Au, namjua, angeilaza chini ya kioo cha meza akasubiri nimpigie simu niseme "tafadhali, Madam." Neno hilo mimi nililimaliza 1998. Halikubaki hata moja.

Kopo lilikuwa limechukua siku kumi na moja njiani. Zilibaki arobaini na tisa.

Nikanunua vocha nikapiga simu benki. Baada ya muziki wa kutosha kuchemsha maharage, akapokea kijana mpole.

"Mama, tutumie tu bili ya umeme."

"Bili ninayo. Ina jina la Crispulo."

"Crispulo ni nani?"

"Babu yangu."

"Basi hakuna shida. Bwana Crispulo aandike barua kuthibitisha kwamba unaishi naye."

"Alikufa mwaka themanini na nane."

Huku hakuna anayebadilisha jina la bili. Kampuni ya umeme inataka marehemu aje na kitambulisho. Robo ya kijiji inawashiwa taa na wafu.

"Pole sana, mama," akasema kijana. "Kwa hiyo haishi tena kwenye anwani hiyo?"

"Amehama."

"Kuna hati ya anwani yake mpya?"

"Ipo. Imeandikwa kwenye jiwe. Nikuletee jiwe?"

Akanirudisha kwenye muziki.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa kuliko babu. San Gaspar haina mitaa. Mimi nakaa nyuma ya kanisa dogo, mlango wa kijani, penye mbuzi. Toka azali barua, mizigo na wadai wote wamenifikia kwa maelezo hayo. Lakini benki ilitaka mtaa na namba, na mwenye uwezo wa kuthibitisha jambo kama hilo kijijini ni mmoja tu: Kapitan Gavino Rabanes, mkuu wetu wa kijiji, ambaye nilikuwa nimeshamwandikia malalamiko kumi na saba. La mwisho lilihusu uwanja wa mpira wa kikapu, uliojengwa kwa kodi zetu ukapakwa jina lake sakafuni.

Nilimkuta ofisini anakula empanada, sambusa ya kwetu, mafuta yanamtiririka mpaka kiwiko.

"Manang Doming! Limefika la kumi na nane?"

"Leo nimekuja kwa amani, Kapitan."

"Yesu na Maria. Nani kafa?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwenye lalamiko langu la kumi na nne, nalitambua kwa karatasi yake, akatabasamu.

"Kwa hiyo unataka mtaa."

"Kijiji kinataka mtaa. Mimi ni mkazi tu."

"Mtaa unahitaji azimio la baraza. Na jina." Akaangalia dari kana kwamba jina lingedondoka kutoka kwenye feni. "Unaonaje tukimkumbuka marehemu mama yangu?"

Mwenye kovu usidhani kapoa. Doña Epifania, mama yake huyu, alikuwa akikopesha mchele wakati wa kupanda. Mwaka 1971 nilisimama nyuma ya sketi ya mama yangu nikamwona anapima kwa kopo lililobonyea ubavuni, bonyeo la ngumi nzima. Wakati wa kulipa alitoa kopo lingine, zima, limenyooka kama askari. Mama yangu aliliona, nami nikaliona, na mama akasema "asante, Doña." Nina miaka sitini na mitatu na lile bonyeo nalijua kuliko uso wangu.

"Kapitan," nikasema, na ulimi ulikuwa mzito kama tofali, "mama yako alikuwa mtu wa vipimo."

"Kweli kabisa!" Macho yakamlowa. "Hakuna aliyewahi kumsema vizuri hivyo."

Siku nane baadaye baraza likapitisha. Kibao kikapigiliwa kwenye nguzo mbele ya kwangu, na kwa kuwa nyumba ni moja tu upande ule, mimi nikawa Namba Moja. Mbuzi alikula namba ya kwanza, ya karatasi. Ya pili tukaipaka rangi ukutani. Nikapewa cheti chenye muhuri. Jioni ile ile, kabla rangi haijakauka, nikakaa nikaandika lalamiko la kumi na nane: sisi wakazi wa San Gaspar tunataka jina la mlaji riba huyu liondolewe kwenye nguzo yetu. Nilipita nyumba kwa nyumba. Watu mia moja na arobaini walitia sahihi, wengine wakicheka, wengine wakikumbuka kopo. Nikaliwasilisha barazani, nikarudi nyumbani nikalala kama mtoto.

Tupakumbuke hapo, maana upumbavu wangu una miguu miwili, na huo ulikuwa wa kwanza.

Wa pili ulikuwa stempu. Wakili wa viapo, yule anayekaa chini ya mwavuli mbele ya halmashauri, aligonga muhuri kwenye nakala ya pasipoti. Nikaziweka karatasi zote kwenye bahasha nzuri, na bila kufikiri hata mara moja nikampa Clarita. Nani atakayepeleka barua posta wakati kuna mtu anapanda ndege? Clarita akafika Hong Kong, akanunua stempu ya huko, akaitumbukiza kwenye sanduku la barua. Kesho yake benki wakawa nayo. Nilijisifu soko zima.

Majibu yakaenda ghorofa ya kumi na nne, maana ndiyo anwani waliyokuwa nayo. Rhodalyn, yule binti wa kijiji cha jirani, akanipigia akinong'ona. Nikasikia bomba la maji limefunguliwa.

"Uko chooni, mdogo wangu?"

"Ndiko penye komeo, Manang." Hata komeo halikubadilika. "Sikiliza. Madam ameiona ile barua yako ya pili. Kaifungua."

"Barua yangu?"

"Kaifungua kwa kisu cha siagi. Kaisoma yote, kacheka. Kasema, 'Huyu Doming bado anashiba Jumapili zangu? Safari hii zitarudi nyumbani.' Sasa ufunguo wa sanduku la barua kauvaa shingoni. Kila saa nne anashuka na lifti mwenyewe, na ndala, kutazama kama hundi imekuja."

Nilisikia damu inanipanda mpaka kwenye meno. "Na benki wamesemaje?"

"Nimeipiga picha nikifuta vumbi. Naituma. Manang, wanasema barua yako ilikuwa na stempu ya hapa hapa. Imetiwa posta mita mia tatu kutoka kwetu. Kwa hiyo wanaona wewe ni mkazi wa hapa unayejifanya si mkazi. Wanataka uthibitishe uko wapi, kwa barua inayotoka huko uliko."

"Siku ngapi?"

"Kumi na nne."

Nilimtafuta Clarita. Alikuwa anapanga viatu juu ya turubai.

"Stempu gani uliyoweka?"

"Nzuri kabisa, Manang! Ya ndege. Mwenye mdomo mrefu."

"Ndege wako katuua."

"Alikuwa rahisi kuliko wote," akasema kwa huzuni. "Na wewe mwenyewe ulisema nisipoteze hela."

Nilisema. Siwezi kukana, nina kumbukumbu hata ya maneno yangu ninayoyachukia.

Nikapanda trisikeli hadi posta ya mjini. Mwenye posta ni Puring, tuliyesoma naye darasa moja, mwanamke mnene mwenye miwani miwili, mmoja wa kusoma na mmoja wa kuwatazamia wakubwa. Ofisini mwake palikuwa na utulivu wa kaburini.

"Doming! Mteja wangu wa pili mwezi huu."

"Barua ya Hong Kong inachukua siku ngapi?"

"Nikuambie la serikali au la kweli?"

"La kweli."

"Siku arobaini. Ikipita Manila salama."

"Mimi ninazo kumi na nne."

"Basi mpe Clarita."

"Clarita ndiye aliyeniponza!" Nikamweleza habari ya ndege. Puring akacheka mpaka akavua miwani yote miwili.

"Kwa hiyo," akasema akijifuta, "ukipeleka kwa mkono, inafika lakini hawaamini. Ukipeleka kwangu, wataamini lakini haifiki."

"Ndiyo hivyo."

Tukatazamana. Nami nikatazama ukutani, penye kanuni za posta ndani ya fremu, zimeliwa na mende kuanzia namba ya tisa. Mimi siwezi kuona sheria ukutani nikaiacha bila kuisoma. Ni ugonjwa. Kanuni ya sita ilisema: mtumaji anaweza kuondoa barua yake wakati wowote kabla haijasafirishwa, kwa kujaza fomu.

"Puring," nikasema, "ukiigonga muhuri wa posta, tarehe na kila kitu, gari la Manila linakuja lini?"

"Alhamisi."

"Leo?"

"Jumatatu." Akaanza kuelewa, kope zilimcheza. "We, Doming. Darasa la nne ulifukuzwa kwa mambo kama haya."

"Nilifukuzwa kwa sababu nilikuwa sahihi. Fomu ipo?"

"Ipo. Tangu nianze kazi hakuna aliyewahi kuiomba. Nadhani nimeitegemezea dirisha."

Aliichomoa dirishani, dirisha likajifunga kwa kishindo. Ikaja shida ya stempu: za thamani kubwa hazikuwepo, makao makuu hayajaleta. Zilikuwepo ndogondogo tu, zenye picha ya ua, na nauli ya barua ya rejista ilitaka hamsini na nane. Tukalamba. Puring alilamba, nami nikalamba, na mzee aliyekuja kuulizia pensheni tukampa kumi naye alambe. Tulipomaliza, bahasha ilikuwa bustani mbele na nyuma, na jina la benki limebakiwa na nafasi ya kiberiti.

"Hii," akasema Puring, akinyanyua muhuri kama shoka, "hata kipofu atajua imetoka kwetu." Akagonga hamsini na nane, moja moja, na kila pigo akitaja tarehe. Kisha akaipokea rasmi, akaandika daftarini, akaniangalia kwa ile miwani ya wakubwa. "Bibi, ungependa nini kingine?"

"Ningependa kuondoa barua yangu."

"Sababu?"

"Mtumaji amebadili njia."

Alhamisi ile, bahasha ikitakiwa kuwa inakwenda Manila, ilikuwa ndani ya boksi la soseji la Clarita inapanda ndege. Nilimwapisha kwa watakatifu wanane: usinunue stempu, usiikaribie posta, hata ndege wa angani usimtazame. Nenda kwenye mlango wa benki, pana tundu la shaba la barua, itumbukize, ondoka.

"Na wakiniuliza?"

"Wewe ni posta. Posta haijibu."

Siku zikahesabika. Ya kumi na nne ikapita, ya kumi na tano, ya kumi na sita. Kila saa nne asubuhi nilikuwa nikisimama uani na jembe, nikimwona kichwani Madam Lau akishuka kwenye lifti na ndala zake. Siku ya kumi na tisa simu ikalia, na maji ya bomba yakasikika.

"Manang," alisema Rhodalyn, "imekuja bahasha. Ya dirisha."

Nikakaa chini, juu ya jembe.

"Alipanda nayo kaishika juu kama samaki. Kaniita sebuleni nitazame. 'Njoo,' kasema, 'uone mwisho wa wajuaji.' Kaifungua. Nami naomba rozari kimoyomoyo."

"Hundi?"

"Si hundi." Nikasikia anaziba mdomo kwa mkono. "Ni karatasi moja. Imeandikwa: mteja mpendwa, anwani yako imebadilishwa kama ulivyoomba, akaunti inaendelea, barua hii ndiyo ya mwisho kwenye anwani ya zamani. Na anwani mpya wakaiandika chini. Kaisoma mara mbili. Halafu kaniuliza, 'Doña ni nini?'"

"Ukamwambiaje?"

"Ukweli, Manang. Nikamwambia Doña ni bibi mkubwa, tajiri, mwenye mashamba. Kaisoma mara ya tatu. Halafu kasema, 'Doming ana mtaa?' Nikamwambia, 'Na nyumba yake ndiyo Namba Moja, Madam.'"

Nililia kwa kucheka mpaka mbuzi wakakimbia. Kisha nikauliza, "Na wewe, unapewa Jumapili ngapi?"

Maji yakatiririka kidogo. "Mbili, Manang. Nyingine anasema ni za kumhudumia mama yake."

Usiku sikuandika, nilingoja asubuhi. Nilimwandikia Madam Lau mistari mitatu: Ahsante kwa kunitunzia barua. Rhodalyn anazo Jumapili nne kwa mwezi, na tano mwezi ukiwa nazo. Kalenda anayo, msalaba wa kwanza ameshatia, na mimi bado najua chumba cha mahakama kilipo. Juu, pembeni, nikaandika anwani yangu kamili. Hiyo niliipeleka kwa Puring iende kwa njia yake, siku arobaini, na stempu hamsini na nane. Nilitaka ajue inakotoka. Mwezi uliofuata Rhodalyn alinipigia simu Jumapili, na nyuma yake sikusikia bomba. Nilisikia wanawake wanaimba na mtu anagombania soseji.

Ningeishia hapo kama si ule mguu wa kwanza.

Mwezi wa sita baraza liliitisha mkutano. Ajenda ilikuwa moja: lalamiko la kumi na nane, sahihi mia moja na arobaini, kuliondoa jina la Doña Epifania. Vijana walikuwa tayari wameshakuja na ngazi. Kapitan Gavino alikuwa amekaa mbele, amevaa barong, shati lake la mazishi, kichwa chini. Na mimi mkononi ninayo barua ya benki, ya kwanza kunifikia Namba Moja, iliyosema kwa herufi ndogo: mabadiliko yoyote ya anwani yataarifiwe, pamoja na hati mpya, ndani ya siku sitini.

Nikasimama. Watu wakapiga makofi. Walijua nitakavyowasha moto.

"Ndugu zangu," nikasema, "nina hoja ya kupinga lalamiko hili."

"Ni lako wewe mwenyewe!" akapiga kelele mtu wa nyuma.

"Ndiyo maana nalijua udhaifu wake."

Nilizungumza dakika ishirini. Nilisema historia haifutwi kwa ngazi. Nilisema jina la mtu aliyewaonea likiondoka, na habari zake huondoka, na wajukuu watadhani mchele ulikuwa ukigawiwa bure. Cha ajabu, nilipofika katikati nikaona nasema kweli. Lalamiko langu likashindwa kwa kura tisini na moja, na ndiyo mara ya pekee serikali ya kijiji hiki imewahi kunishinda.

Kapitan alinifuata nje, machozi mpaka kwenye kola. "Manang, sikujua una moyo wa kusamehe."

"Hata mimi sikujua, Kapitan. Nina ombi dogo. Naomba nipigilie kitu chini ya kibao, kwa kumbukumbu yake."

"Chochote! Chochote!"

Kesho yake nikachukua kopo la mchele, nikalipiga ngumi moja ubavuni, palepale ninapopakumbuka, nikalipigilia kwenye nguzo. Wazee wakipita huinama kidogo, wakalitazama, wakaendelea na safari wakitikisa mabega kwa kicheko. Kapitan anadhani ni la maua. Kila Jumamosi huja kuyabadilisha.